Mke wa Mtafsiri wa Sinema

Kofi la kwanza Zuhura alilipata akiwa ameshika mwiko, ugali ukaungua. La pili akalipata kwa sababu ugali umeungua. Ndivyo Twalibu alivyoanza kuonyesha makucha, pilau ya harusi haijasahaulika midomoni mwa watu, na mimi ninayesimulia sitaki kabisa kusikia mtu ananiuliza eti mwanamke alikuwa amekosa nini. Hakukosa kitu. Wako watu wanaopiga kwanza, sababu wanaitafuta baadaye wakati wananawa mikono wale.

Zuhura ni mtoto wa milimani, juu ya Mlali, kule ambako mashamba yamelala kwenye mteremko mpaka mgeni anashangaa watu wanalimaje bila kujifunga kamba. Analima karoti, kabichi na maharage kwenye shamba aliloachiwa na mama yake. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume akioa anakuja kujenga kwa mkewe, na akiharibu anaondoka na nguo zake alizokuja nazo. Ila neno la kumwondoa halisemwi na mke. Linasemwa na mjomba. Na mjomba wa Zuhura ni Mzee Mwinjuma, kaka mkubwa wa marehemu mama yake, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, ambaye kitongoji kizima kilikuwa kinamwita akasuluhishe ndoa za watu.

Twalibu yeye alitokea Ngerengere. Alikuja na jenereta, televisheni na spika mbili kubwa, akapendwa siku ile ile. Akamwoa Zuhura, wakamzaa Furaha, na kwenye kona ya shamba la mkewe, pembeni ya barabara, akasimamisha banda umiza, yaani banda la kuonyeshea muvi, la mabati lenye mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni. Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi. Anapunguza sauti ya muvi, anakaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, halafu anasema yeye sauti zote: steringi, adui, mama mkwe, mtoto, hata mbwa akibweka. Muvi alizokuwa anazipenda kuliko zote ni za Kihindi, na hasa za wale watu wa kusini ambao lugha yao inaitwa Kimalayalam. Alikuwa anajigamba anaijua lugha hiyo vizuri, kwamba alifundishwa na Mhindi mmoja mwenye duka. Uongo mtupu. Hata salamu ya watu wale alikuwa haijui. Alikuwa anawatazama midomo, anatazama nani analia na nani amekunja uso, halafu anawawekea maneno ya kwake.

Lakini haki ya mtu mpe. Mungu alimjalia mdomo. Wahindi wa Twalibu walikuwa wanakula kisamvu, wanapelekana kwa mwenyekiti wa kitongoji, wanagombania mpaka wa shamba, na watu wanacheka mpaka benchi linavunjika. Ikifika mahali mwanamke anaonewa, basi, Twalibu analia. Analia kweli, kamasi na machozi, sauti inakatika kwenye maiki. Anamlaani mwanamume aliyempiga mke, anamwita mnyama, anamwombea kifo kibaya. Kina mama wanatoka pale wanajifuta kwa ncha za kanga, wanamkuta Zuhura nje anakaanga mihogo, wanamwambia ana bahati ya mtende. Zuhura anawapa mihogo yao na pilipili. Ubavu unamuuma tangu asubuhi.

Mkono wake wa kulia ulivunjwa wakati wa masika. Mteja mmoja aliuliza kwa utani kama kweli Twalibu anaelewa Kihindi, na Zuhura naye kwa utani akajibu kwamba anaelewa kama yeye Zuhura anavyoelewa Kichina. Watu wakacheka, Twalibu akacheka kuwashinda wote. Walipofika nyumbani akafunga mlango, akachukua mpini wa jembe. Zuhura alijikunja pembeni ya mtungi, akamwomba kwa maneno ambayo mkulima yeyote angeyasema: asimpige mkono ule, ndio anaolimia. Ndio huo huo Twalibu aliouchagua. Mfupa ulilia. Furaha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba na kipande cha muwa mdomoni, hatafuni, hatemi.

Halafu Twalibu akachuchumaa karibu na mkewe, akamzungumzia taratibu, kwa sauti ya chini ambayo bandani haijawahi kusikika. Akamwambia akiulizwa aseme ameteleza kwenye mawe mtoni akiwa na ndoo. Akisema vingine, atamalizia na mkono wa pili. Jirani yao Maria, mama wa Kikatoliki mwenye mikono ya kubeba magunia, ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, na njia nzima Zuhura alikuwa anarudia hayo hayo: mawe, mto, ndoo. Kitongoji kizima kikaisikia habari ya mawe. Watu wakampa pole, wakasema mawe ya mto ule yana utelezi sana mwaka huu.

Mtu mmoja tu aliambiwa ukweli. Mkono ukiwa bado umefungwa vijiti, Zuhura alipanda kwa Mzee Mwinjuma, akampa shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka na kumweleza yote bila kuficha, neno kwa neno, mpini wa jembe, mkono wa kulimia, mawe ya mtoni, na ile ahadi ya mkono wa pili. Akamwomba aseme neno, Twalibu afungashe. Mjomba alimsikiliza huku anachokonoa meno. Alikuwa na kiti chake bandani, kiti cha mbele chenye mto, wala hajawahi kulipa kiingilio, na Twalibu kila akimwona anamtangaza kwenye maiki kwamba mzee wetu wa busara ameingia. Vitu vidogo namna hiyo vinamnunua mtu mzima, msishangae.

"Mwanangu," mjomba akasema, "mtu anayelia na sinema mbele ya kadamnasi hawezi kuvunja mkono wa mkewe. Wewe umechoka tu. Usituaibishe."

Mke wa mjomba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Alimtazama Zuhura, akamtazama mumewe, akarudi ndani. Mjomba akavaa kofia yake, akamshika mpwa wake bega na kumrudisha mwenyewe mpaka kwa Twalibu, kama unavyorudisha mbuzi aliyekata kamba. Twalibu akawapokea kwa chai ya tangawizi. Alilia kidogo, akasema mama Furaha ana mawazo tangu aanguke. Mjomba akamwombea dua, akaondoka ameshiba. Na kabla mgongo wake haujapotea kwenye kona, mlango ukafungwa.

Kwa kipigo cha siku ile Zuhura alikojoa damu. Ndipo alipoelewa jambo moja, na akalielewa bila kulia: mtu huyu ataniua, na akiniua watasema nimeteleza. Hakutaka kisasi, hakutaka talaka ya mbwembwe. Alitaka kinywa kimoja tu, cha mjomba, kiseme neno moja, mwanamume huyu atoke kwenye ardhi ya mama yake kabla hajamfukia humo. Na kinywa hicho kilikuwa kinakunywa chai ya Twalibu.

Basi ikaja ile wiki ya kupinga ukatili. Shirika moja la mjini likamtuma dada anaitwa Catherine, mkazi wa Kilakala huko mjini, mpole, mwenye gari jeupe na maboksi ya fulana. Aliuliza nani pale kijijini anaweza kuwafikishia wananchi ujumbe kwa njia wanayoipenda. Wote wakamwonyesha mtu mmoja. Twalibu akavishwa fulana ya zambarau iliyoandikwa Ukatili Sasa Basi, akapigwa picha ameshikana mkono na Mzee Mwinjuma, na ikatangazwa kwamba Jumapili alasiri kuna muvi ya bure, akina mama wapewe nafasi za mbele. Zuhura alifua ile fulana Jumamosi. Aliifua vizuri, akaianika kwenye kamba, ikakauka.

Jumapili banda lilifurika. Waliotoka kanisani walikuja na nguo za kanisani, waliotoka msikitini na kanzu zao. Mjomba kwenye kiti chake cha mto, dada Catherine pembeni yake. Maria katikati ya kina mama. Yeremia, yule aliyempiga mkewe teke la tumbo Pasaka iliyopita, naye alikuwepo kavaa fulana. Laurenti, mwenyekiti wa kitongoji, aliyemwambia mke wa Yeremia akaombe msamaha kwa mumewe, alikuwa nazo mbili, moja kavaa, moja kaificha kwapani. Zuhura alibaki nje na karai lake la mihogo. Twalibu alikuwa hamruhusu kuingia, alisema anamharibia kazi.

Muvi yenyewe, ya Kimalayalam, ilikuwa inamhusu bwana mmoja mpiga ngoma wa hekaluni. Mtu wa heshima zake, kila sherehe yumo, vijana wakikosea analetewa yeye awaonye. Anakaa na mkewe ghorofani huko kwenye mji mkubwa, na wakifunga mlango anampiga. Mke akiwaambia watu, wanamwambia amechanganyikiwa. Utaniuliza ilikuwaje Twalibu akachagua muvi hiyo bila haya usoni. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani hakujiona hata kidogo. Watu wa namna ile wakimwona mwovu kwenye televisheni wanamchukia kabisa, kwa moyo mweupe, halafu wanazima jenereta wanakwenda nyumbani kuuliza chakula kiko wapi.

Mwanzoni watu walicheka. Mpiga ngoma alipewa kisamvu na dagaa, mama mkwe alipewa sauti ya kuku. Halafu kukawa kimya bandani, na Zuhura akasikia sauti ya mwanamke inaomba kupitia mabati. Alijua ni Twalibu, sauti zake za kike anazifahamu. Ila maneno.

"Usinipige mkono huu, baba. Ndio ninaolimia."

Zuhura aliacha mihogo kwenye mafuta, akasogea mlangoni na kufunua pazia. Kwenye televisheni alikuwapo dada mzuri wa Kihindi mwenye kucha za rangi na bangili mpaka kwenye kiwiko, mtu ambaye jembe hajaliona hata kwenye picha, amejikunja sakafuni. Na anaomba kwa maneno ya Zuhura. Yote. Ya mkono, ya mtoto anaona, hata yale aliyoyasema mara moja tu, akiwa amelala kifudifudi, kwamba amsubiri kwanza ateme damu. Pembeni ya televisheni Twalibu ameshika maiki kwa mikono miwili, macho ameyafumba, machozi yanashuka mpaka kwenye fulana. Na kina mama wanalia. Bibi mmoja alikuwa anajipigapiga kifua.

Nawaambia, hasira aliyoipata pale hakuwahi kuipata kwenye kipigo chochote. Kwenye kipigo mtu unaogopa, hasira haipati nafasi. Pale ilipata. Kumbe wakati yeye anakufa, huyu alikuwa anakariri! Alikuwa anamvuna. Vilio vyake vilivyonyimwa masikio ndivyo vilivyokuwa vinaliliwa na watu wote hawa, alimradi vitoke kwa mgeni aliyekaa ng'ambo ya bahari.

Twalibu alikuwa amenogewa, hana breki tena. Kwenye muvi mpiga ngoma akachuchumaa kando ya mkewe, akamshika kidevu, akaanza kumnong'oneza. Hapo mtafsiri mwingine angesema lolote tu. Twalibu akaishusha sauti. Ikatoka kwenye zile spika mbili sauti yake ya nyumbani, ile ya chini, ya taratibu.

"Ukiulizwa, sema umeteleza kwenye mawe mtoni ukiwa na ndoo. Ukisema vingine, namalizia na mkono wa pili."

"Mto gani?" akauliza mama mmoja wa mbele. "Si wako ghorofani hawa?"

Watu wachache wakaanza kucheka, maana walizoea Wahindi wa Twalibu kuteka maji kisimani. Kicheko hakikufika mbali. Kilikatika benchi kwa benchi, kila mtu akikumbuka nani aliteleza, mwaka gani, na mkono upi. Maria alisimama. Alimtazama Twalibu, kisha akageuka nyuma na kumwona Zuhura amesimama kwenye pazia, na vichwa vyote vikageuka naye. Twalibu alifumbua macho. Kwenye televisheni mdomo wa mpiga ngoma uliendelea kucheza, hauna sauti.

Sasa mtazameni Mzee Mwinjuma. Bandani pale wote walikuwa wanajua habari ya mawe, ila ile ya mkono wa pili alikuwa anaijua yeye peke yake. Aliambiwa kwenye mkeka wake, akichokonoa meno. Na alijua kwamba Zuhura anajua kuwa anajua. Ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alimrukia Twalibu, mzee yule, akamkaba shingo kwa maiki na waya wake, akipiga kelele kwamba nyoka huyu amemdanganya. Basi ikawa kama amefungua bwawa. Mabenchi yakapinduliwa, miguu ya mabenchi ikang'olewa. Wakamburuta Twalibu nje kwa ile fulana ya zambarau mpaka ikachanika shingoni.

Walimpiga vibaya. Sitaki kulipaka jambo hili asali. Walimpiga kwa mbao zenye misumari, kwa mateke, kwa mawe ya barabarani. Karai la mihogo likapinduka, mafuta yakammwagikia mguuni, na akalia sauti ambayo hakuwahi kuiweka kwenye muvi yoyote. Yeremia alikuwa anampiga kichwani huku anamfundisha kwa kelele kwamba mwanamke hapigwi. Yeremia! Laurenti naye akapiga teke lake, akarudi nyuma, akafikiria, akaongeza jingine. Mtu alimkanyaga Twalibu usoni na taya likaachia, tukasikia wote. Gari jeupe la dada Catherine lilikuwa limeshawashwa, likateremka kuelekea Mlali na maboksi yaliyobaki.

Zuhura alikuwa amesimama palepale mlangoni, na nitasema ukweli kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuuficha: alifurahi. Utamu ulimpanda kuanzia miguuni. Kila pigo alilihesabia mahali pake mwilini mwake, hili la mgongo, hili la ubavu, na akasema moyoni mwake, ongezeni. Alisimama hivyo mpaka alipomwona mjomba.

Mjomba alikuwa amewapa watu kiwiko akapata nafasi kichwani pa Twalibu. Alikuwa na mguu wa benchi, ameuinua kwa mikono miwili juu kabisa, kofia imeanguka, kanzu ina damu. Na hakuwa anamtazama Twalibu. Alikuwa anatazama watu, huku na huku, kuhakikisha wanamwona. Zuhura akaelewa yote kwa mara moja. Mzee yule hakuwa anampigania yeye. Alikuwa anataka kukinyamazisha kile kichwa kilichosema, na akishakipasua atarudi kukaa kwenye heshima yake, ametakata, na kesho ataitwa akasuluhishe ndoa za watu.

Akapita katikati yao. Aligongwa begani na ubao, hakugeuka. Akafika mbele ya mjomba wake, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

Mdomo wa mzee ukajibu peke yake, marahaba, maana mdomo uliozoea kuheshimiwa hauwezi kuiacha shikamoo ikapita. Na alipoijibu, mikono ikamlegea. Mguu wa benchi ukabaki hewani, hauna wa kuushusha. Waliokuwa karibu wakaacha kupiga, wa nyuma nao wakaona wa mbele wameacha.

"Nilikuja kwako na maneno haya haya," Zuhura akasema. "Neno kwa neno. Ukanishika bega ukanirudisha. Leo yamesemwa na Mhindi, ndiyo umeamini?"

Hakupandisha sauti. Mtu wa kwanza kutupa ubao wake alikuwa Yeremia, akaondoka bila kuaga, akiivua fulana njiani. Wengine wakakumbuka mbuzi, wakakumbuka mashamba. Mjomba aliokota kofia yake, akaipangusa muda mrefu. Maria na kina mama ndio waliombeba Twalibu na kumtupia kwenye lori la kabichi lililokuwa linateremka mjini, wala hawakumtupia kwa upole.

Polisi walikuja, wakauliza. Hakuna aliyekuwepo. Siku ile ya muvi ya bure, kama unavyoambiwa, watu wote walikuwa shambani. Mzee Mwinjuma akajibu kwa niaba ya wote, kwa adabu, akawapa polisi maembe ya kubeba. Zuhura naye aliulizwa. Akasema kwa leo hana la kusema.

Twalibu alikaa hospitali mpaka mvua za vuli zikaisha. Alipotoka alikuwa na mguu uliokataa kukunjika, na taya lililofungwa kwa waya, halifunguki zaidi ya upana wa kijiko. Mtu wa maneno yale yote! Na siku aliyotoka, ndugu zangu, mnajua alipelekwa wapi? Kwa Zuhura. Mjomba na Laurenti na wazee wengine wawili walipanda naye kwenye machela ya miti, wakamtua mlangoni pake kama mzigo wa harusi, wakakaa. Zuhura akawapa viti, akawapikia chai. Mjomba akaanza kuongea vizuri kabisa, sauti imesharudi. Kwamba amekosa, ameadhibiwa, yamekwisha. Kwamba ugonjwa hauna ugomvi. Kwamba mume ni mume, na nani mwingine atamlisha uji kama si mkewe, na Mungu anapenda wanaosamehe. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Twalibu alikuwa amelala kwenye machela anamtazama mkewe, na machozi yanamtoka, yale yale.

Zuhura aliwaacha wamalize chai. Akatoka nje, akamwita Maria na kina mama waliokuwa shamba la jirani, wakaja na majembe yao. Akawaomba wamsaidie kubeba machela. Wazee wakadhani wanamwingiza ndani, Laurenti hata akainuka kusogeza kiti. Wanawake wakainyanyua machela, wakageuka nayo, wakaanza kupanda mlima. Wazee wakawafuata wakihema, wakiuliza kuna nini. Hawakusimama mpaka kwa Mzee Mwinjuma. Wakamlaza Twalibu barazani, kwenye mkeka ule ule wa kusuluhishia watu.

Mke wa mjomba akatoka jikoni. Alitazama machela, akamtazama mumewe anayetokwa jasho. Safari hii hakurudi ndani. Alikwenda akachota uji kwenye sufuria, akauweka kwenye bakuli na kijiko, akamkabidhi mumewe mkononi, akaenda kukaa pamoja na wanawake wenzake.

Mjomba alisimama na bakuli. Njia ile ndiyo ya sokoni, watu walikuwa wameanza kupita na matenga yao, na kila aliyepita alipunguza mwendo. Akamwambia Zuhura kwa sauti ya chini kwamba hili ni jambo la aibu, mtu mzima kama yeye, mbele za watu. Zuhura akamjibu kwamba ni kweli, aibu ipo, na kwamba aliyevunja ndiye anayeuguza. Kama hataki, Mlali kuna kituo cha polisi, na yeye miguu yake haijavunjwa, ataenda kuwaambia nani alikuwa kichwani na mguu wa benchi. Na ule upande wa shamba lake, asikanyage mtu yeyote aliyebebwa kwenye machela hii, wala mzee yeyote aliyeileta kwake.

Mzee akaketi. Akachovya kijiko, akakipeleka kwenye kile kimwanya kati ya meno ya Twalibu, uji ukamwagika kidevuni. Akapangusa kwa ncha ya kanzu.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka taya lipone," Zuhura akasema. "Atakapoweza kusema mwenyewe nani alimpiga."

Mjomba alikitazama kile kinywa muda mrefu. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akachovya tena kijiko.